Kichwa cha Dada

Tangu ahamie ughaibuni na mdogo wake, dada mtu alikuwa hajikuni. Alijipigapiga kichwa kwa kiganja, polepole, kama anayembembeleza mtoto, maana kucha zingemharibia misuko. Alijipiga akipiga pasi mashuka ya hoteli, akajipiga akingoja basi. Baridi ya nje na joto kavu la chumbani vilimkausha ngozi ya kichwa, ikawa inapukutika mabegani kama unga. Jumapili moja alifumua misuko yote, akamkabidhi mdogo wake wa kiume, fundi wa lifti, mashine ya kunyolea.

"Ninyoe zote, mdogo wangu. Yamenifika hapa."

Mdogo mtu aliiweka mashine kando, akapasha mafuta ya nazi, akaketi kitandani. Dada akakaa sakafuni katikati ya magoti yake, kama alivyokaa kwa mama yao enzi zile. Mdogo mtu akaanza kumpaka, lakini vidole vya fundi vilizoea nyaya, si nywele.

"Taratibu, baba, hicho ni kichwa, si lifti." Kisha sauti ya dada ikashuka. "Mama alikuwa anapuliza utosi kwanza."

Mdogo mtu akainama, akapuliza. Mabega ya dada yalilegea, kichwa kikamlalia ndugu yake gotini kwa uzito wake wote.