Foleni ya Bahasha za Kaki

Jumatatu nilimsindikiza binti wa dada yangu kwenye usaili hapa Babati. Nafasi ni mbili, za karani wa mapokezi, na foleni ilitoka getini ikafika barabara ya Bonga. Usaili ni wa Kiingereza, ingawa watakaopokelewa ni wakulima wa Sigino.

Mbele yetu wasichana wawili walikuwa wakiulizana maneno ya Kiingereza ya kutaja makundi ya watu.

"Waliokaa kusikiliza?"

"Audience."

"Wa kanisani?"

"Congregation."

"Wenye hasira, wanaotaka kuvunja mlango?"

"Mob!"

"Na wanaotafuta kazi?"

Mwenzake akageuka, akaitazama foleni mpaka mwisho, akajipepea kwa bahasha yake ya kaki. "Hao hatukufundishwa, dada."

Saa sita, geti bado liko mbali, mlinzi akatoka. "Poleni. Waliotakiwa wameshapatikana. Nendeni nyumbani."

Nikasubiri kelele. Nilichosikia ni "Asante, baba," mmoja baada ya mwingine, na bahasha zikarudi kwapani.

Neno la watu wenye hasira tumewafundisha vizuri. Hasira yenyewe sijui tuliiacha wapi.