Gari ya Mama Imekufa

Jirani yangu hapa Arua ana pikipiki, na kila Jumapili asubuhi hufyonza petroli kwa mpira kutoka kwenye jerikeni, akatema mara mbili, akalaani. Harufu ile hupanda ukuta na kunikuta na kikombe changu cha chai. Watu wengine hukunja pua. Mimi huivuta mpaka tumboni, maana kwangu petroli ni harufu ya Mama. Wanawake wenzake pale Koboko walinukia udi. Mama alinukia udi siku ya Idi tu. Siku nyingine zote alinukia petroli, grisi, na sabuni ya mche ambayo haikuwahi hata mara moja kuishinda ile grisi.

Pikapu yetu Baba aliinunua ikiwa imekwisha kuzeeka, kabla ya vita vya mwaka wa sabini na tisa. Ilikuwa ya buluu, ingawa mtu aliyetaka kuuona ubuluu wenyewe ilimbidi afungue mlango na kuchungulia bawabani. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani. Vita vilipofika tulikimbia nayo kuvuka mpaka hadi Zaire, na huko Baba akafariki kwa homa, mimi nikiwa bado nanyonya. Mama akabaki na watoto, na gari ambalo hakuwahi kulishikia usukani.

Alifundishwa na fundi mmoja mzee wa Ariwara, huko huko Zaire, ambaye macho yake yalikuwa yanakwenda. Mzee alihitaji mtu wa kumtazamia, na Mama alihitaji mtu wa kumweleza alichokuwa anakitazama, kwa hiyo wakafaana. Kwa kuwa mzee haoni, alimfundisha kusikiliza. Mama alikuwa akisema gari kuukuu halitaki mtu mwenye nguvu, linataka mwenye masikio. Kila alfajiri baada ya sala aliliwasha, akasimama kando na kitambaa mkononi, akainamisha kichwa, na ole wake mtoto atakayelia wakati ule.

Na dawa zake, jamani! Rejeta ilipovuja, alipasua yai bichi akalitia ndani. Maji ya moto yaliliivisha, nalo likaziba tundu. Tangi lilipotoboka, alilisugua kwa kipande cha sabuni mpaka petroli ikaacha kudondoka. Sisi watoto tulinung'unika kwamba pikapu inakula mayai kutuzidi na inaoga kutuzidi. Mama alitujibu kwamba pikapu inaleta chakula nyumbani, na siku tutakayoanza kubeba magunia kumi ya mtama hadi Arua, nasi tutapewa mayai.

Tulirudi Koboko miaka ya themanini ikielekea ukingoni, wakati watu wengi wa kwetu walipokuwa wakirudi kutafuta viwanja vyao ndani ya majani. Ndipo matatizo ya Amu Swaleh yalipoanza. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Baba, mtu mrefu, msafi wa kanzu, aliyewahi kuwa jeshini na bado akitembea kama anakaguliwa. Alimpenda Mama kwa kadiri yake, ila hakuweza kuvumilia kumwona chini ya gari, miguu ikiwa nje, sokoni, mbele ya watu. Alisema gari la ndugu yake linapaswa kuwa mikononi mwa mwanamume. Mama alisema marehemu alimwachia yeye. Amu aliuliza shahidi yuko wapi. Shahidi hakuwepo, au ndivyo tulivyodhani.

Wiki moja pikapu iligoma karibu na Maracha, ikavutwa na lori mpaka Koboko, mchana kweupe, katikati ya soko. Jioni ile Amu alikuja nyumbani, akakataa chai. Alisimama uani akasema maneno ambayo hata leo nayasikia.

"Sikia, Hawa. Siku hii gari itakufa tena njiani, mimi nachukua funguo. Hapana tena mambo ya kikao. Nachukua tu."

Mama alikuwa anasafisha plagi, na aliendelea kusafisha. Lakini usiku nilimsikia akijigeuza kitandani, na nilijua anahesabu watoto wake, kwa sababu bila pikapu tungekuwa watu wa kuombaomba kwa huyo huyo Amu.

Sasa njooni kwenye Jumamosi yenyewe. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumelala kwa shangazi Arua, asubuhi tukapakia chumvi na sabuni, tukaanza safari ya kurudi, Mama na mimi peke yetu. Tulipita Maracha salama, na Mama akaanza kuimba. Hakupaswa kuimba. Kabla ubeti wa pili haujaisha, injini ilikohoa, ikanyamaza, tukasimama kwenye mteremko kati ya mashamba ya muhogo.

Mama alifungua boneti, akasikiliza ukimya, kama kweli una la kumwambia. Kisha akafungua pampu ya petroli. Kile kiwambo cha mpira kilichomo ndani, ambacho kazi yake ni kuvuta petroli kuipeleka kwenye kabureta, kilikuwa kimechanika katikati. Alijaribu kukata kingine kutoka kwenye ulimi wa kiatu chake. Kikachanika nacho. Saa ya adhuhuri ilikuwa imefika, na tuliahidi kuwa nyumbani kabla yake.

Ndipo akapita muuza samaki wakavu, mtu wa Koboko anayetufahamu, juu ya baiskeli iliyojaa mzigo. Mama alikuwa chini ya gari. Akaniambia upesi upesi:

"Zaituni, kimbia! Mwambie apite nyumbani aseme sisi nachelewa kidogo. Basi. Hapana ongeza kitu!"

Nilikimbia. Muuza samaki hakuweza kusimama, mteremko ulikuwa umemchukua. Nilimpigia kelele kwamba tunachelewa, naye akageuza shingo akauliza, "Kwa nini?" Nyinyi mnajua mtoto wa miaka kumi anapoulizwa swali na mtu mzima. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Gari ya Mama imekufa!"

Akapotea na upepo. Nilibaki barabarani nikisikia maneno yangu mwenyewe masikioni. Kufa, neno lile lile la Amu! Nilikuwa nimemkabidhi funguo kwa mdomo wangu. Nilirudi kwa Mama, akaniuliza kama nimesema alivyonituma, nami nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliokuwa nimewahi kuusema.

Mama hakukata tamaa. Sijui kama alijua jinsi tamaa inavyokatwa. Alitoa mpira wake wa kufyonzea petroli, akaufunga ncha moja kwenye kabureta, ncha nyingine akaitumbukiza ndani ya jerikeni ya petroli, na jerikeni akaiweka juu ya paa la gari. Kama pampu haitaki kuvuta, alisema, petroli itashuka yenyewe, maana hata mvua haina pampu. Kisha akanipandisha nyuma, nikapiga magoti juu ya mifuko ya chumvi, nikaikumbatia ile jerikeni kwa mikono miwili. Mpira ulipita mbele ya kioo mpaka chini ya boneti, na Mama aliitazama barabara kwa upande mmoja wa mpira, kisha kwa upande wa pili. Akafyonza, akatema, akalaani kwa Kilingala. Gari likawaka.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, polepole, petroli ikinichuruzikia kifuani. Watu waliokuwa wakipalilia walisimama kututazama. Nilipaswa kujivunia, na siku nyingine ningejivunia, lakini nilikuwa nalia. Mama alidhani ni moshi wa petroli, akanipigia kelele kwamba tumekaribia.

Hakutaka Koboko imwone na jerikeni juu ya paa. Kwa hiyo kabla ya mjini aliiacha barabara kuu, akakata njia ya mashambani inayofika nyumbani kwetu kwa nyuma. Kule kuna mteremko. Akazima injini ili gari liteleze kimya mpaka kwenye ua wa majani, kama mtu aliyerudi salama na hana la kueleza.

Tulipokaribia ua tukasikia vilio.

Mama aliruka chini, uso umempauka. Nyumbani walikuwepo ndugu zangu watatu, na najua aliwafikiria mmoja mmoja. Alisogea kwenye ua, nami nyuma yake nikimshika gauni, akachungulia. Uani palijaa watu. Wanaume walikuwa wameketi mikekani, wanawake wakilia, sufuria kubwa ya matanga ilikwisha kuwekwa mekoni. Ndugu zangu wote watatu walikuwa hai, wamekumbatiwa na majirani. Kisha mwanamke mmoja akapaza sauti: "Uuuwi, Hawa! Hawa imekufa, imetuacha!"

Ngoja niwaeleze jambo. Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nawafundisha watoto kwamba mtu *amekufa* na gari *limekufa*, na wananiona mkali kupita kiasi. Lakini Kiswahili chetu cha Koboko, cha kambi na cha soko, hakikuwa na muda wa mambo hayo. Mtu imekufa, kuku imekufa, redio imekufa, gari imekufa. Upepo ulikuwa umeyameza maneno *gari ya*, muuza samaki akabaki na *Mama imekufa*, akakanyaga baiskeli kwa machozi mpaka kwetu. Vijana walikuwa wamekwisha kutumwa kutafuta maiti, kwa barabara kuu tuliyoikwepa.

Mimi nilitaka tuingie pale pale. Mama alinikamata mkono. Kwa maana Amu Swaleh alikuwa ameinuka. Kwetu, anayesimama kwenye matanga na kumshuhudia marehemu, ushahidi wake ni ushahidi. Haubadilishwi kesho yake. Amu hakuwa na kofia, na kanzu yake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ilikuwa na vumbi.

"Huyu mama ndiyo ilitutoa Zaire," alisema. "Watu tisa ndani ya ile gari. Mimi ilikuwa mgonjwa, nalala nyuma kama gunia ya muhogo. Gari inakufa, yeye anafufua. Inakufa tena, anafufua tena." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na iko neno nilificha. Ndugu yangu, siku yake ya mwisho, aliniita. Alisema, Swaleh, gari iko ya Hawa. Mimi peke yangu nilisikia. Nilinyamaza, kwa sababu ya haya. Mimi mwanaume, hapana jua hata kufungua boneti..."

Wanawake wakapokea kwa kilio, wakiyataja mema ya Hawa moja moja. Mkono wa Mama ulinibana hadi ukaniuma. Nilimtazama, nikaona machozi yanachimba mistari katika grisi ya mashavu yake. Alikaa vile muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akajipangusa, akazunguka ua, akaingia.

"Salaam aleikum."

Sitawaeleza yote. Bibi mmoja aliyekuwa hatembei bila fimbo alikimbia akafika kwa jirani kabla ya fimbo yake. Sufuria ilimwagika. Amu alibaki amesimama peke yake katikati ya mikeka, mdomo wazi, na Mama akamwendea taratibu akinuka petroli kutoka kichwani hadi miguuni.

"Endelea, shemeji," akasema. "Ilifika kwa boneti."

Mzee mmoja wa msikiti, ambaye hakukimbia kwa sababu magoti yake hayakumruhusu, ndiye aliyecheka wa kwanza. Alipomaliza kucheka alimuuliza Amu mbele ya wote kama atayarudisha maneno yake, kwa kuwa maiti mwenyewe amerudi. Amu alitazama chini, kisha akamtazama Mama.

"Maneno ya matanga hapana rudi," akasema. "Gari iko yake."

Niliungama kosa langu siku hiyo hiyo. Mama alinichapa kofi moja la kuongeza neno nililokatazwa, kisha akanipa yai zima la kuchemsha, peke yangu. Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya ujanja. Nilidhani Mama alijibanza nyuma ya ua ili kumnasa Amu, nami nilimwona kuwa mwindaji hodari.

Sikuwa nimeelewa. Gari lilikwisha kuokoka katika sentensi moja, ile ya Baba, na Mama bado alibaki pale majanini. Miaka yote ile ya kulala chini ya injini, hakuna mtu aliyewahi kumwambia asante. Alikuwa na kiu, msomaji wangu. Alisimama pale akinywa, na mimi nilikuwa namvuta gauni nikimharakisha.

Nilielewa miaka ya tisini, Amu Swaleh alipougua ugonjwa ambao wote tuliujua mwisho wake. Mama alikwenda kwake akaketi kando ya kitanda, mikono yake myeusi mapajani.

"Shemeji, mimi nilisikia yangu," akamwambia. "Sasa sikia yako."

Akamwambia yote. Jinsi alivyotugawia shamba tuliporudi, jinsi alivyomfunza kaka yangu kusoma Kurani, jinsi alivyokiri kosa mbele ya mji mzima, jambo ambalo wanaume wengi hawaliwezi. Hakuharakisha. Amu alisikiliza amefumba macho, na Mama aliponyamaza alifumbua moja akauliza kama hayo ndiyo yote. Mama akacheka, akaongeza kwamba kanzu zake zilikuwa safi kuliko za imamu.

Amu alifariki baada ya wiki mbili. Kwenye matanga wazee walimwomba Mama naye aseme neno juu ya marehemu. Alisema hana la kuongeza, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kuwasaidia wenzake kuchota maji.