Saa ya mazoezi ilivyonipa jina la Refa wa Ukweni, na kwa nini nimehamia brand nyingine

Wakuu, kwema huko mliko?

Nimeona nyuzi kadhaa humu watu wanasifia smartwatch zao, picha mkono uko kwenye usukani. Safi sana. Leo acheni na mimi niseme ya kwangu. Sitaongeza chumvi, maana yenyewe ilishakolea. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu naishi Kaniha na nataka kuendelea kuishi Kaniha.

Nina duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa Kaniha, wilaya ya Biharamulo. Jumapili baada ya misa nageuka refa. Mke wangu ni mtu wa Mugoma, kule Ngara. Hilo la mke wa Mugoma lishikeni, ndio kesi yenyewe.

Refa huwa ana mtihani wa mbio, na kitambi changu kilishaanza kunitangulia uwanjani. Ndivyo nilivyoingia kwenye haya mambo ya saa za mazoezi.

Saa ya kwanza nilinunua kwa machinga Lusahunga, pale malori ya kwenda Rusumo yanapopaki. Brand siitaji.

Nikipanda pikipiki kwenye barabara ya vumbi, inahesabu hatua na kunipongeza. Nikishinda shambani nalima, jasho linatiririka hadi kwenye visigino, inatetemeka mkononi kuniambia nimekaa sana, niinuke nijinyooshe. Nilitamani niipige jembe.

Siku moja mke wangu akaifunga kwenye ndizi iliyokuwa mezani. Ikasoma mapigo ya moyo. Ndizi, wakuu! Na mapigo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Nikaitupa kwenye droo, nikaagiza nyingine Mwanza. Hii ilikuwa brand inayojulikana, kioo kinang'aa, chaji inakaa. Ndizi haikuisoma. Nikasema sasa nimepata saa.

Kumbe nimepata janga.

Kuna mfanyabiashara wa Lusahunga alitoa ng'ombe dume, timu za kata za Ngara na Biharamulo zikashindana. Fainali ikawa Kaniha na Mugoma. Mimi nikapangwa refa wa kati. Watu wakauliza, huyu si ni mkwe wa Mugoma? Wengine wakajibu, lakini si ni mtu wa Kaniha? Wakaona ngoma droo, nikaachwa.

Siku ya fainali uwanja wa Lusahunga ulijaa hadi madereva wa malori walipanda juu ya kabini. Mishikaki inafuka moshi. Mugoma walikuja na Fuso, wanaimba tangu barabarani.

Mimi nikaiweka saa kwenye program ya kukimbia. Nilitaka baada ya mechi nione nimekimbia umbali gani, na muda nausoma hapo hapo. Mawazo ya mtu aliyesoma, au sio?

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Mpira ulikuwa wa mbio, nami nakimbia. Kaniha wakapata bao moja.

Kipindi cha pili Kaniha wakaanza ile michezo mnayoijua. Kipa wao, Makoye, akidaka mpira anaanguka. Akipiga goli kiki anashika paja. Nami refa namwendea, nasimama pembeni yake, namsubiri anywe maji, afungwe bandeji, ainuke, alale tena.

Nikiangalia saa, muda bado. Mchezo unaendelea.

Mshika kibendera mmoja akawa ananipungia na kugonga kifundo cha mkono wake. Nikamwonyesha saa yangu kwa madaha. Sheria inasema saa ya refa ndiyo saa, na yangu haikuwa saa ya kitoto.

Jua likaanza kuegemea upande wa Burundi. Dereva mmoja akapiga honi ndefu. Mashabiki wa Kaniha wakaanza kupiga miluzi kwamba nimalize. Mimi nikasema moyoni, presha ya mashabiki, mtu usiyumbe.

Ndipo Mugoma wakapata kona. Mpira ukapigwa, ukagombaniwa, ukamkuta mtu peke yake. Goli.

Mfungaji ni Renatus. Renatus ni mdogo wake mke wangu, wa mwisho kuzaliwa, aliyebeba begi la bibi harusi siku naoa.

Penalti zikapigwa, Mugoma wakashinda. Ng'ombe akapakiwa kwenye Fuso. Renatus akanikumbatia mbele ya uwanja mzima akapaza sauti, "Shemeji, Mungu akubariki kweri kweri!"

Jamani. Afadhali angenitukana.

Kuanzia jioni ile sikuwa tena na jina langu. Nikawa Refa wa Ukweni. Watoto wakipita dukani wanaonyesha mikono yao kama wanaangalia saa, halafu wanakimbia.

Kiongozi wa mashabiki wa Kaniha ni mama mmoja wa makamo, Mama Devota, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde. Huyo alikuwa mteja wangu wa chanjo ya kuku miaka yote. Nikakutana naye njiani nikamwambia, "Shikamoo, mama."

Akaniangalia. Akapita.

Wakuu, kwetu huku mtu akinyamazia shikamoo yako amekwambia kila kitu. Nilisimama pale njiani na mikono yangu sijui niiweke wapi.

Lakini mimi ningevumilia. Kilichonishinda ni mke wangu. Alikwenda kwenye jumuiya, wenzake wakamuuliza, "Nyama ya Mugoma inaletwa lini tuje na masufuria?" Akarudi, akaweka khanga yake kitini, akaniuliza neno moja tu. "Baba Neema, niambie ukweli. Ulifanya kwa ajili yangu?"

Iliniuma. Mtu ninayekula naye sahani moja anauliza kama nimeuza mechi, tena anauliza kwa upole, kama aliyekwisha kunisamehe.

Nikapandwa na hasira. Nikasema sasa nawanyoosha wote kwa ushahidi. Nikafungua app kwenye simu ili nimwonyeshe kipindi cha pili kilikuwa halali, dakika hadi dakika.

App ikaleta mistari miwili.

Mmoja umeandikwa muda wa kukimbia. Huo ulikuwa sawasawa kabisa na muda wa kipindi. Wa chini yake umeandikwa muda wote. Huo ulikuwa umepitiliza vibaya, nusura utoshe kuanzisha kipindi kingine.

Nilikaa kitako juu ya gunia la pumba.

Kumbe ile saa kwenye program ya kukimbia ina kitu kinaitwa auto-pause. Ukisimama, nayo inasimamisha muda. Imetengenezewa watu wa mjini wanaokimbia wakafika kwenye taa za barabarani. Kila nilipokuwa nimesimama juu ya kichwa cha Makoye namsubiri aamke, saa ilikuwa imelala pamoja naye.

Mke wangu akachungulia simu, akaniangalia, akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mlango. Mimi sikucheka. Nilikuwa safi, ndio, lakini goli la shemeji lilikuwa limeingia wakati mechi ilishakwisha.

Sasa ningefanyaje? Nikinyamaza, ukweni wanabaki na ng'ombe, nami nabaki na jina. Nikisema, namvunjia heshima baba mkwe aliyekwisha kunipigia simu kunishukuru. Na mambo ya wakwe huwezi kuyapeleka kwenye kikao kabla hujaenda nyumbani kwao kukaa chini.

Nikapanda gari hadi Mugoma. Baba mkwe akanipokea vizuri, nikapewa rubisi, ile pombe ya ndizi, nikaiweka chini. Nikamweleza yote. Simu yenyewe hakutaka hata kuiangalia.

Kisha akauliza, "Ng'ombe amechinjwa?"

Renatus akajibu kwa shida, "Bado, baba. Tulikuwa tunasubiri sikukuu ya parokia."

"Basi msimchinje," mzee akasema. "Nyama ya maneno haishuki kooni. Nendeni mkaongee na wenzenu."

Kikao kikafanyika Lusahunga, viongozi wa timu zote mbili na waandaaji. Nikaipitisha simu. Kwenye ule mchoro wa mwendo wangu kuna sehemu mstari umelala kabisa, tena nyingi. Kocha wa Mugoma akazinyooshea kidole. "Hapa refa amesimama wapi?"

Nikasema, "Kwa Makoye."

"Na hapa?"

"Kwa Makoye."

"Na hapa?"

Kipa alikuwepo. Akavuta kofia usoni. Kocha akasema kwamba yeye haoni kosa la saa hapo, saa imekataa kuhesabu uongo. Watu wakavunjika mbavu, hata wa Kaniha. Mama Devota tu, aliyekuja kwa niaba ya mashabiki, ndiye ambaye hakucheka.

Wakakubaliana mechi irudiwe. Nikaomba wanitafutie mbadala. Mama Devota akasimama. "Hapana. Achezeshe yeye yule. Aliyetia maji ndiye ayakaushe, na sisi tutakuwa tunamwangalia."

Sasa nije kwenye brand, maana najua mnataka kuuliza.

Ile ya pili nimeiuza kwa mwalimu mmoja anayekimbia asubuhi, nikamwambia tabia yake yote. Nikahamia brand ya tatu. Haina kioo cha kupapasa, ina vitufe vya kubonyeza, hata mkono ukiwa na jasho au mvua ikinyesha inakusikia. Muda wa mechi na muda wa mazoezi vimekaa mbalimbali. Haina urembo. Rafiki yangu alisema inafanana na saa ya mlinzi. Niliiwasha pale kaunta pamoja na simu, zikatembea sambamba kutwa nzima huku nahudumia wateja wawili watatu niliobaki nao.

Siku ya marudio, pale pale Lusahunga, Mama Devota alikuja na saa ya ukutani. Sitanii. Aliing'oa sebuleni kwake, akakaa nayo mapajani karibu kabisa na mstari, imetazama uwanjani. Kila nikipita naiona.

Makoye hakuanguka hata mara moja. Mpira ulikuwa mtamu, timu zote zinashambulia. Bado bila bila, dakika zimebaki chache, Mugoma wakatoka na mpira mbio, Renatus huyo, akaachia shuti.

Goli.

Mashabiki wa Kaniha wakashika vichwa. Nami sikuangalia saa yangu. Niliangalia mapajani kwa Mama Devota, na yeye alikuwa ameinama anaiangalia hiyo hiyo. Akainua uso, akanipungia kwamba twende, mpira uanze.

Nilipopuliza filimbi ya mwisho sikukimbilia kwenye gari. Nilisubiri. Akaja na saa yake kwapani, macho mekundu, mashabiki nyuma yake. Mke wangu akasogea akasimama ubavuni mwangu.

Mama Devota akasema kwa ile sauti yake, kila mtu asikie, "Tumefungwa. Lakini tumefungwa ndani ya muda."

Kisha akampa mke wangu ile saa amshikie, akafunga vizuri khanga yake, wakaongozana wawili kwenda kutafuta usafiri wa kurudi Kaniha. Mimi nikafuata nyuma nimebeba mpira. Sikumbuki kama kuna siku nimefurahi hivyo nikiwa na watu waliofungwa.

Nilichojifunza: kabla hujaiamini saa, ingia kwenye settings, soma kila kitu, halafu ijaribu kwa kazi yako wewe, sio kazi ya aliyekusifia. Na ukiwa na hakika kupita kiasi, mwangalie mshika kibendera anayekupungia.

Wenye brand zilizowahi kuwaaibisha, mwageni hapa tucheke pamoja. Na Makoye, kama umo humu, paja linaendeleaje?