Vitambaa Vilifanana

Harufu ya rasta ikichomwa ncha kwa kiberiti hunitoa saluni mbio, hata kama kichwa kimesukwa nusu. Msusi wangu hunicheka. Hajui kwamba harufu ile hunirudisha Juba, soko la Custom, kwenye kibanda cha Mama cha kuchaji simu.

Tulitoka Uganda amani ya Sudan ilipotiwa saini, kama wengi waliofuata riziki. Umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo watu walituachia simu asubuhi na kuzifuata jioni. Jenereta letu liliunguruma kutwa, na jenereta hilo ndilo lilikuwa chakula chetu na karo yangu. Tabu ilikuwa moja tu: karibu kila mtu alikuwa na simu ileile ndogo ya tochi. Jioni huyu anang'ang'ania ya yule, Mama anafoka, mimi najificha nyuma ya madumu ya dizeli.

Dawa niliipata mimi, na msinicheke nikijisifu kidogo. Fundi cherehani wa jirani alikuwa akitupa mabaki ya vitenge. Nilichukua kipande nikakikata viwili. Nusu niliifunga kwenye simu kwa uzi wa nailoni, nusu nikampa mwenye simu. Jioni analeta nusu yake, ua linakutana na ua, anachukua simu yake anaondoka. Vurugu zikaisha kabisa. "Huyu mtoto iko na kichwa," Mama aliwaambia wateja, na mimi nikatembea sokoni shingo juu.

Aliyenisifu kuliko wote alikuwa Anti Sara, msusi wa kibanda cha pili, rafiki wa Mama tangu kwao. Walishona kitenge sare, walikula sahani moja, na kichwa changu hakikuguswa na mkono mwingine. Akimaliza kila msuko aliuchoma ncha, akaufinya kwa vidole kabla haujapoa. Nilimpenda mno. Siku nyingine, Mama akinigombeza, nilitamani Anti Sara ndiye angekuwa mama yangu.

Siku moja dizeli iliadimika, Mama akaenda kuitafuta hadi Kator.

"Sara, angalia duka yangu."

"Enda tu, dada. Mimi iko hapa."

Mama alipotoweka, Anti alinituma chapati upande wa pili wa soko, kwa mpishi ambaye chapati zake alizipenda. Nilikwenda nikirukaruka. Niliporudi alikuwa ameketi vilevile. Alinimegea, akanipangusa mafuta mdomoni kwa kidole chake. Mama aliporudi, Anti akaaga, eti kichwa kinamuuma.

Jioni dereva wa gari la maji alileta kitambaa chake. Vilifanana. Akaibonyeza simu, akaigeuza, akaifungua.

"Ya mama, de ma bitai. Hii si simu yangu. Hata laini hakuna ndani."

"Angalia kitambaa," Mama akajibu. "Iko sawasawa. Wewe unataka kuniibia?"

Alikuwa akiutetea mpango wangu, jamani. Alimwita mtu wa watu mwongo, mbele ya umati, kwa sababu ya vitambaa vyangu. Kisha akaja mwanamke wa Kisomali muuza vyombo, kisha wengine. Vitambaa vyote sahihi, simu zote mizoga.

Ndipo Mama akaisogeza simu moja karibu na macho, akautazama uzi. Mimi nilikata nyuzi kwa meno, zikabaki na ncha zilizochakaa. Huu ulikuwa umechomwa ncha, na kitone chake cheusi kilikuwa kimefinywa bapa. Mama akageuka kutazama kibanda cha pili, kikiwa kimefungwa, kioo chake cha nje kimeng'olewa ukutani. Jirani akasema alimwona Sara na mizigo yake, akipanda gari la kwenda Nimule, mpakani na Uganda.

Jenereta liliuzwa kuwalipa wenye simu, na Mama akaanza kufua nguo za watu kwenye mtaa uitwao Juba na Bari.

Asubuhi baada ya wizi ule, alinikalisha kati ya magoti yake akaanza kufumua nywele zangu. Misuko ya Anti ilikuwa bado mipya. Palipokaza alikata kwa mkasi, nywele zangu mwenyewe zikaenda humo humo. Nililia nikamuuliza nimekosa nini. Aliokota rasta zote mpaka ya mwisho, akazichoma nyuma ya nyumba. Miaka mingi nilimwekea kinyongo, nikiamini aliniadhibu kwa kufuata chapati.

Nimeelewa ukubwani, baada ya mimi pia kusalitiwa na mtu niliyekuwa nikimwachia mlango wazi. Mama hakuwa na neno nami. Asingeweza kunitazama kila asubuhi akaiona kazi ya mikono ile kichwani mwa mwanawe.

Lakini kitenge cha sare hakukichoma. Anacho mpaka leo, kimekunjwa chini kabisa ya sanduku, na hajakivaa tena.