Jina Lisilopigwa Mstari

Winifred Ollerenshaw alikaa kwenye kidirisha cha tiketi cha bwawa la kuogelea la Beckside miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna kiumbe aliyegusa maji yale bila tiketi. Siku moja Meya wa jiji alikuja na mkufu wake shingoni, wapiga picha wanamfuata, akataka kupita tu.

"Tiketi," akasema Winnie.

Meya akacheka. Winnie hakucheka. Meya akarudi nyuma akapanga foleni kama watu. Kisa hicho kilisimuliwa mtaani mpaka kikaota mvi, na Winnie hakuwahi kumkataza mtu kukisimulia.

Alistaafu, akamzika mumewe, nyonga ikaanza kumsumbua, lakini mlango hakuuacha. Kila Mei, Alhamisi ya uchaguzi, alibeba kiti chake cha kukunja na chupa ya chai, akabandika ua la utepe la chama kifuani, akaketi nje ya ukumbi wa kanisa wanamopigia kura. Kazi yake kuwauliza watu namba zao za daftari la wapiga kura, ili chama kijue nani kati ya watu wake amefika na nani bado kalala. Kazi hiyo haikuisha, maana katika jiji lile kila kata ina madiwani watatu, na mmoja wao hurudi kwa wananchi kuomba kura kila mwaka. Mwaka wa nne, usio na uchaguzi, ndio wa kupumua. Asiyekuja Winnie alimjua, na kesho yake alimwambia usoni, hata kama yuko kwenye foleni ya samaki na chipsi.

Mwaka huo jambo lilikuwa zito. Viti vya baraza ni hamsini na saba. Kata nyingine zote zilijulikana ni za nani, na kwa hesabu hiyo pande mbili zingetoka ishirini na nane kwa ishirini na nane; kiti cha Beckside ndicho pekee kilichokuwa hakijulikani kitakwenda wapi. Atakayekipata, upande wake ndio utakaomchagua kiongozi wa baraza, na kiongozi ndiye anayeteua wenzake wa kuendesha jiji. Meya ni wa mkufu tu. Na bwana Crowther, mgombea wa upande wa pili, alikuwa amesema hadharani, bila haya, kwamba wakishinda watalifunga bwawa.

Aliyesimama kupambana naye alikuwa Rukhsana Mirza, mwenye duka la dawa pale pembeni. Ni Winnie mwenyewe aliyemsukuma.

"Mimi, Bi Winnie? Mimi nauza dawa za kikohozi."

"Basi nenda kwenye baraza. Lina kikohozi mwaka wa kumi huu."

Rukhsana akacheka, akajaza fomu. Winnie akaweka sahihi ya kumpendekeza.

Alhamisi ikafika. Saa moja asubuhi mlango ulipofunguliwa Winnie alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Kwenye meza alikaa Lindsay Pickup, karani wa halmashauri, msimamizi wa kituo. Huyo Lindsay, alipokuwa na miaka tisa, alikuja bwawani na darasa lake akiwa amepoteza tiketi. Winnie alimrudisha nyumbani, taulo kwapani, wenzake wanamcheka. "Sheria ni sheria, mwanangu," alimwambia.

"Umeamkaje, Shangazi Winnie?" akasema Lindsay sasa. "Naomba kitambulisho chenye picha."

Winnie akapapasa mfuko. Mtupu. Pasi yake ya basi ya wazee, ile yenye picha, ilikuwa kwenye koti la kijani, naye leo alivaa la bluu, la heshima.

"Lindsay, hunijui mimi?"

"Nakujua tangu nina akili zangu."

"Basi nipe karatasi yangu."

"Siwezi, Shangazi. Sheria ni sheria."

Alisema kwa upole kabisa, bila kejeli, na upole huo ndio uliomchoma Winnie. Nyuma yake mtu mwenye mbwa akakohoa. Winnie akasema, "Nitarudi," akatoka, akafungua kiti chake akakaa.

Nyumbani ni dakika kumi kwa miguu. Kwenda hakukuwa na neno. Neno lilikuwa kurudi: kuingia tena mle, kadi mkononi, kuinyanyua mbele ya Lindsay kama mtoto anayeonyesha tiketi. Akasema moyoni, nitakwenda baada ya chai. Baada ya chai akasema, watu wakipungua.

"Umeshapiga, Bi Winnie?" watu wakamtania wakipita.

"Mimi? Ninyi mkiwa bado mnakoroma."

Mara ya kwanza aliusema uongo huo akiinamia chupa ya chai. Kufikia mchana ulikuwa unateleza wenyewe.

Saa saba Rukhsana akamletea mkate wa mayai. "Nenda kapumzishe nyonga nusu saa. Kuna mtu atakushikia kiti."

"Sijachoka."

"Bi Winnie, wewe ni mbishi!"

"Mbishi ndiye anayefika."

Alasiri mvua ikashuka. Winnie akatazama orodha yake, akaona Cyril Entwistle, jirani yake, hajafika. Akampigia simu.

"Nina mafua, Winnie."

"Mafua hayana kura, Cyril. Kura ni yako. Vaa viatu."

"Mvua hii itaniua."

"Piga kwanza, ndipo ufe."

Akaja na fimbo yake, amelowa chapachapa, akapiga. Alipotoka Winnie alimpa chai yake ya mwisho, na Winnie mwenyewe alikuwa bado hajaenda kuifuata pasi. Alijiambia, Rukhsana atashinda kwa mamia, kura moja ya kikongwe ni nini? Neno hilohilo angelisikia kwa mtu mwingine, angemsema mpaka alie. Saa nne usiku mlango ukafungwa. Lindsay alitoka na sanduku limepigwa lakiri, akamwangalia Winnie, akapita.

Ijumaa kura zikahesabiwa kwenye ukumbi wa michezo. Wakahesabu mara moja, mara mbili, mara tatu. Rukhsana Mirza, elfu moja mia mbili na saba. Crowther, elfu moja mia mbili na saba.

Sheria ya kule wagombea wakilingana ni kupiga kura ya bahati nasibu. Msimamizi mkuu akaandika majina mawili, akakunja vikaratasi, akavitia kwenye sanduku tupu, akauzungusha mkono mle ndani. Akatoa kimoja.

"Crowther."

Wakamwongezea kura moja, ndipo akawa diwani.

Rukhsana alimkumbatia Winnie mbele ya watu wote. "Wangekuwa kumi kama wewe, Bi Winnie, tusingefika huku." Winnie alilihisi lile ua la utepe kifuani kama kaa la moto. Cyril naye akaja, kifua mbele.

"Umeona? Bila mimi tungeshindwa kweupe! Kura yangu ndiyo iliyotuweka sawa."

"Ndiyo, Cyril," akasema, akaanza kufunga vifungo vya koti.

Tangu siku ile akawa anapita njia ya nyuma. Dawa zake alimtuma Cyril. Watu wakimpa pole, "Bahati tu, kikaratasi," alitamani awaamini. Bwawa likabandikwa tangazo mlangoni: litafungwa mwisho wa Septemba. Alilisoma akiwa ng'ambo ya barabara, hakusogea.

Wiki tatu zikapita. Wakala wa chama, Derek Shuttleworth, akapata nakala ya daftari la kituo, kama vyama vinavyoruhusiwa: aliyepiga kapigwa mstari, asiyepiga jina lake liko wazi. Wakakutana jikoni kwa Rukhsana ili wawajue wa kuwaendea mwakani. Cyril alikuwepo, na biskuti.

"Asome Bi Winnie," akasema Derek. "Yeye ndiye anayewajua."

Akavaa miwani. Akasoma mtaa wa Mill, nyumba kwa nyumba, walioachwa wazi. Kila jina Cyril alilipokea kwa neno. "Mvivu yule!" "Huyo hata mazishi yake atachelewa!" Wakacheka. Kidole cha Winnie kikashuka, kikafika namba kumi na nne, kikakwama hapo.

Angeweza kuruka. Hakuna aliyekuwa anaangalia ukurasa ila yeye.

"Namba kumi na nne," akasema. "Ollerenshaw, Winifred."

Cyril alikuwa ameshafungua kinywa. Akakifunga.

"Hao makarani wamekosea," akasema Derek. "Yule Lindsay karuka mstari."

"Lindsay hakosei." Akavua miwani. "Sikupiga. Nilisahau pasi kwenye koti jingine, nikaona aibu kurudi nayo. Nikakaa nje siku nzima nikiwadanganya."

Rukhsana aliinuka akajaza birika, akasimama amewapa mgongo.

"Nyumbani kwako ni dakika ngapi kutoka kanisani?"

"Kumi."

"Dakika kumi."

"Kumi, mwanangu."

Birika likachemka, likazima. Rukhsana hakumimina. Hakugeuka pia.

"Endelea kusoma," akasema.

Winnie akavaa miwani yake, akakirudisha kidole chake mahali kilipokuwa. "Namba kumi na sita," akasoma, na safari hii hakuna aliyetia neno.