Kajuju Atafuta Wanunuzi

Kabla risasi hazijaanza kulia njia ya Merti, Kajuju hakuwa na haja ya kutafuta wateja. Wateja walimtafuta yeye. Siku ya mnada wa mifugo pale Isiolo, wanawake wa Kiborana walizingira gunia lake la tumbaku ya Meru, wakanusa, wakacheka, wakamsimulia habari za malisho. Mjane huyo asiye na mtoto alirudi chumbani kwake mtaani Chechelesi koo limekauka kwa maneno, akalala.

Vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na serikali, vilipopamba moto, mnada ulifungwa. Wafugaji wakashukiwa kuwasaidia, wakasukumwa kambini Merti, wakazungushiwa ua wa miiba, askari wakasimama langoni. Kajuju akajitwika gunia, akawa anabisha milango ya wafanyakazi wa serikali.

"Tumbaku?" alishangaa Gatakaa, mke wa karani mmoja. "Bwana yangu anavuta sigara, mama. Jaribu kwingine."

Kwingine nako kukawa vile vile. Tumbaku ikaanza kuota ukungu.

Mwishowe alimwomba Salesio, dereva wa lori la posho, ampeleke Merti katika msafara wa jeshi. Salesio alimtazama kama mtu aliyechoka kuishi, lakini akampakia.

"Nagaa?" Kajuju alisalimu kwa Kiborana kupitia miiba ya kambi.

Dahabo, mteja wake wa miaka mingi, alikuja polepole. Alikuwa amekonda, shanga zimemlegea shingoni.

"Nagaa, dada. Tumbaku naitamani, lakini ng'ombe wamekwisha. Nitanunua na nini?"

Nyuma yake zilining'inia gorfa, vyombo vya maziwa alivyosuka mwenyewe kwa mizizi. Zote tupu, na bado alikuwa anasuka nyingine.

"Nipe hizo," Kajuju alisema. "Nitazitafutia mtu."

Akarudi kwa Gatakaa yule yule. Safari hii mlango haukufungwa. "Hii nitaweka maua!" Gatakaa alisema, akamwita jirani, jirani akaita mwingine. Kajuju alitazama maua yakichomekwa mahali pa maziwa, akapokea pesa. Alinunua unga, akaupeleka Merti pamoja na tumbaku.

Biashara ikashika. Lakini wachuuzi wenzake Wameru wakaanza kumkwepa. "Huyo anakula na shifta," walinong'ona. Hata kaa la kuwashia jiko hakuna aliyempa. Wanunuzi alikuwa nao mji mzima, wa kunywa naye chai hakuwa naye.

Vita vilipokwisha, Kajuju alifika Merti akakuta watu wametawanyika.

"Dahabo amefuata ndugu zake kaskazini, atafute ng'ombe wa kuanzia," mzee Umuro alimwambia. "Alikungoja, lori la kukuleta likachelewa. Alisema mtaonana mnadani."

Mnada ukafunguliwa tena. Wanawake wakaja, wakanusa tumbaku, na majirani wa Chechelesi wakaanza kumsalimia kana kwamba hakukuwa na neno. Kajuju aliwaitikia. Aliuza vizuri miaka ile, lakini kila aliposikia Kiborana nyuma yake aligeuka upesi, na kila mara ikawa ni sauti ya mtu mwingine.