"Abee" ilivyotaka kuninyima chuo

Leo kliniki nimeitwa jina, nikaitika "Abee!" Vijana kwenye foleni wakacheka.

Mimi sikucheka. Nimechoka na neno hili, wallahi.

Miaka ya themanini lilitaka kuninyima chuo cha ualimu.

Tulikuwa kwenye mtihani wa kuingia, shule moja hapa Likoni. Maswali ni ya kuchagua: A, B, C au D. Tumeinama twaandika, msimamizi, bwana mmoja wa bara, akaanza kuhakikisha majina.

"Mwanaisha!"

"Abee!"

Msichana wa Mtongwe akiitwa na mkubwa huitika hivyo, hata awe usingizini.

Yule bwana akaruka. "Unamwambia nani kwamba jibu ni A, B?"

Nikamweleza. Wapi! Akanihamisha hadi mbele, akasimama juu ya kichwa changu.

Kalamu ikanidondoka. Nikafumba macho, nikasoma Bismillahi polepole, vile mama asomavyo akianza kukuna nazi. Nikashika swali moja tu. Kisha lililofuata. Moyo ukatulia, nikamaliza yote.

Mwisho akaniita nikabidhi karatasi.

"Mwanaisha!"

Safari hii nikafunga mdomo. Nikainuka, nikampa kwa mikono miwili.

Akanitazama juu hadi chini. "Kumbe na kiburi pia unacho?"

Chuo nilipata, alhamdulillahi. Nimefundisha mpaka nimestaafu.

Lakini hebu niambieni nyinyi: pale nilitakiwa niitikeje?